Inchi Tano za Boti ya Mapipa

Maziwa ya Momela yana maji ya magadi. Hayanyweki, wala hayana samaki wa kupeleka nyumbani, kwa hiyo sisi wa mlimani hatukuwa na shughuli nayo. Tulikuwa watu wa migomba na kahawa. Mtu wa kwetu akikuta mfereji aliuruka. Akikuta mto alivua viatu, kama anavyo. Basi Bwana, mzungu mwenye shamba niliyekuwa nikimfanyia kazi, alipotutangazia asubuhi moja kwamba anataka boti ya kuwazungusha wageni wake ziwani wakatazame ndege heroe na viboko, sote tuligeuka kumtazama mnyapara. Mwishowe mnyapara wetu alikohoa, akauliza, "Na viboko wamekwisha kuambiwa?"

Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa mjini Arusha watu walikuwa wameanza kuzungumza mengine. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa au ishirini, kibarua wa kawaida, ila nilikuwa na majukumu ambayo vibarua wenzangu hawakuwa nayo. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Nikaacha shule nimsaidie mama, na miaka michache baadaye mama naye akamfuata baba kaburini, akaniachia wadogo watatu: wasichana wawili na mvulana mmoja, kitinda mimba. Masika yaliyofuata nyumba yetu ya udongo ililala chini kama ng'ombe aliyechoka, na haikuinuka tena.

Ukoo ukakaa. Ukaamua wasichana waende kwa shangazi yetu kule Kikatiti, na mvulana abaki kwa baba mdogo. Mimi nilikuwa mtu mzima, nijitegemee. Nikasema hapana, sisi hatugawanywi.

"Hapana," alisema mzee mmoja, "na utawaweka wapi? Mfukoni?"

Nilikuwa nalala kambini kwa Bwana, chumba kimoja na wanaume watano, mmoja wao akiwa na kuku. Wazee walinionea huruma, wakanipa muda hadi kahawa ianze kuiva. Ikiiva na sina nyumba, shangazi atakuja kuwachukua wasichana.

Sasa, kando ya ziwa Bwana alikuwa na nyumba ya bati ya vyumba viwili. Alikuwa ameijenga kwa ajili ya mlinzi, lakini mlinzi aliamka asubuhi moja akamkuta kiboko amesimama mlangoni, akarudi kwao bila kuaga. Asubuhi ile ya tangazo Bwana alielekeza fimbo yake upande wa nyumba hiyo, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mtu nafanya boti kwenda mzuri, mtu nachunga boti, yeye napata nyumba ile."

Wengine walisikia habari ya boti. Mimi nilisikia habari ya nyumba.

Boti yenyewe haikutusumbua sana. Mimi na seremala tulifunga mapipa sita matupu ya mafuta, matatu kila upande, tukapigilia juu yake sakafu ya mbao za mtarakwa, na nyuma tukasimamisha kibao kinene cha kuning'inizia injini. Ilielea. Mnyapara aliitazama akasema ni kitanda kizuri, kinakosa godoro tu. Iliyobaki ni injini, na kwa kuwa nilijua kusoma namba, Bwana alinituma Ngarenaro, mjini Arusha, kwa fundi mmoja wa pikipiki na pampu za maji ambaye ndiye aliyekuwa akiagiza mashine kutoka duka moja la Nairobi.

Fundi huyo alikuwa mtu wa Pangani, kule pwani, mwenye kofia ya viua, ile ya kushonwa kwa mkono, iliyogeuka rangi kwa grisi. Ujana wake aliutumia kwenye kivuko cha kwao, na alijua injini za majini kama mimi nijuavyo migomba.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Unataka nini, mwanangu?"

"Injini ya boti."

"Mguu mrefu au mguu mfupi?"

Nikajua nimekwama. Nikamwambia mguu wowote ulio mzima. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Nyinyi watu wa migomba! Sikiliza. Injini hii kichwa kinakaa juu ya kibao, mguu unashuka majini, na chini kabisa ndipo lilipo pangaboi, yale mapanga yanayosukuma maji. Wa mfupi ni inchi kumi na tano, wa mrefu ni ishirini. Pangaboi lisipozama vizuri litakula upepo. Na upepo haumshibishi mtu. Sasa nenda ukapime kutoka juu ya kibao mpaka kwenye uso wa maji. Ukipata inchi kumi na mbili au pungufu, mguu mfupi unakutosha. Ikizidi hapo, chukua mrefu. Na upime boti ikiwa majini, watu wakiwa juu yake. Usipime ikiwa tupu, boti tupu ni mwongo."

Nikayashika maneno yake yote. Ningeweza kuyaimba kama tenzi za kanisani.

Siku ya kupima niliazima futi ya seremala, nikapanda botini, nikalala kifudifudi nyuma, kichwa nje ya ukingo. Habari kwamba kuna mtu anapima injini ambayo haipo ilikuwa imeenea kambini tangu chai. Walikuja wote. Alikuja mpishi na mwiko wake, wakaja wakamuaji wa ng'ombe, seremala akaja kulinda futi yake, wakaja hata wazee wawili wa kanisa waliokuwa wakipita kwenda zao. Wote walipanda, na kwa kuwa jambo la kutazama lilikuwa nyuma, walisimama nyuma, juu yangu, wakiinama begani kwangu mpaka nikawa naona maji kwa tabu.

"Anapima nini?"

"Anapima maji."

"Maji hupimwa kwa debe, si kwa futi."

"Mwacheni, huyu amesoma."

"Amesoma darasa la nne," alisema mnyapara. "Kupima maji ni darasa la tano."

Nilitaka kuwafukuza, kisha nikakumbuka: fundi alisema watu wawe juu yake. Nikafurahi. Nilikuwa nimepata watu bila hata kuwaomba. Nikasoma futi mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa inchi kumi na mbili. Nikaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, lori la Bwana likaipeleka mjini, na baada ya wiki tatu ikaja injini ya mguu mfupi ndani ya sanduku lililojaa nyasi kavu.

Kahawa nayo ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Bwana alichagua Jumamosi alasiri kwa majaribio. Siku hiyo hiyo shangazi yangu alifika kutoka Kikatiti. Alikuwa amepita kwa baba mdogo, akawafungia wasichana vitu vyao katika kanga, akaja nao mpaka ziwani, na yule mvulana nyuma yao, ili waniage.

Inabidi nimweleze shangazi. Alikuwa mama mrefu na mpana, mwenye kuuza ndizi gulioni kwa sauti ambayo wateja wa gulio jingine waliisikia. Alinipenda, lakini alinipenda kama anavyopendwa ndama asiyejua zizi lake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Nyumba iko wapi?"

Nikamwonyesha ile ya bati kwa kidole.

"Ni yako?"

"Itakuwa yangu jioni hii. Boti ikienda."

Shangazi aliitazama boti. Aliwatazama wadogo zangu. "Haya," alisema. "Na isipokwenda, tunaondoka kabla jua halijazama."

Bwana, ambaye siku hiyo alikuwa na furaha ya kutaka watazamaji, alimwona mama yule mkubwa akamkaribisha botini kwa mkono kama malkia. Na hapa mila ikaingia. Kwetu mgeni wa heshima hukaa mbele. Kanisani hukaa mbele, harusini mbele, na kwenye lori hukaa mbele na dereva. Tukamwekea shangazi kiti mbele kabisa. Bwana akasimama mbele pembeni yake na darubini yake. Mnyapara hakuweza kukubali kukaa mbali na Bwana, akaenda mbele. Mpishi na seremala, wakiona wakubwa wote wako kule, na injini iko huku nyuma ikinuka petroli, wakachagua mbele vilevile. Nyuma nikabaki peke yangu na mashine. Wadogo zangu walisimama ufukweni na vifurushi vyao.

Nikavuta kamba. Mara ya nne injini ikawaka, na watu wakapiga makofi. Nikaitia gia.

Sijapata kusikia ukelele kama ule. Injini ililia kama nguruwe aliyebanwa na mlango, povu likaruka mpaka usoni kwangu, heroe wote wa upande ule wakainuka kwa mara moja, na boti ikabaki pale pale. Nikaongeza mafuta, ikalia zaidi. Boti ikageuka polepole kidogo, kama kuku anayejiweka vizuri juu ya mayai, ikatulia.

"Ni mnada wa ng'ombe huu," alisema mnyapara. "Kelele nyingi na hakuna anayeuza."

Bwana akawa mwekundu. "Duka naleta mashine mbovu! Mimi napiga simu Nairobi! Ile fundi ya Ngarenaro ni mwizi!"

Nami nilikuwa navuta na kuachia, navuta na kuachia, huku jua likishuka. Hapo shangazi alisimama kitini.

"Ndicho hiki?" alisema. "Ndicho hiki ulichokitegemea uwalee wenzako? Kitu cha kulia bila kutembea? Ngoja nije huko nyuma nikushike hilo sikio!"

Akaja. Sakafu ikaitika kila hatua. Mnyapara akamfuata mbio, mikono mbele, "Mama, mama, kaa chini, utatuzamisha!" Naye hakuwa mwembamba. Wakafika nyuma wote wawili kwa pamoja, shangazi akalishika sikio langu, na papo hapo ule ukelele ukakatika. Injini ikanguruma kwa sauti nzito, na boti ikaruka mbele.

Mpishi alikaa bila kutaka. Kofia ya Bwana ilibaki nyuma yetu majini. Shangazi aliangukia debe la petroli, mnyapara akamwangukia shangazi, na sikio langu likaenda nao. Tulikata ziwa kwa mwendo ambao hakuna aliyeuomba, tukaingia katika matete ya upande wa pili, ndipo nilipofaulu kuizima.

Kisha shangazi akasema, kutoka chini ya mnyapara, "Baba, una uzito gani?"

Tuliitoa boti kwenye matete kwa fito. Shangazi alirudi kitini kwake akiwa ameshika heshima yake kwa mikono miwili, mnyapara akarudi mbele, nami nikawasha tena. Ukelele ule ule, povu lile lile. Nikamwomba shangazi, kwa unyenyekevu wote, aje nyuma mara moja. Akaja, mnyapara naye. Tukaenda. Wakarudi mbele. Tukalia. Safari ya tatu sikuhitaji kuwasha. Nilikuwa nimekwisha kukumbuka ile siku ya kupima, na mahali waliposimama watu wote wale, na jinsi pumzi ya mpishi ilivyokuwa shingoni kwangu. Walikuwa wameuzamisha mkia wa boti kwa umbea wao, na mimi nikaupima umbea nikauandika kwenye karatasi.

Bwana alikuwa bado anamtukana fundi wa Ngarenaro. Alikwisha kuamua: sanduku litarudi, fundi hatapata tena kazi yake, na simu itapigwa. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Hakuna hata mmoja botini aliyejua nilichokijua, na ile nyumba ya bati ilikuwa mbele ya macho yangu, na mbele yake wamesimama watu watatu wenye vifurushi.

"Bwana," nikasema, "duka halina kosa, na fundi hana kosa. Aliyepima vibaya ni mimi."

Mnyapara alitazama mbinguni. Shangazi akanitazama mimi.

"Wewe?" alisema Bwana. "Kwa nini?"

Nikamweleza. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne, kwa hiyo nilimweleza kwa kuwapanga watu. Nikawaomba wote waende nyuma, nikapima: kumi na mbili. Nikawarudisha mbele, kila mtu mahali pake, nikapima peke yangu: kumi na saba. Nikawapeleka tena nyuma tukarudi upande wetu, nikawashusha wote ufukweni, nikapima nikiwa nimesimama majini: kumi na sita. Shangazi alipelekwa na kurudishwa kama mfuko wa kahawa siku ya kupima uzito, na ajabu ni kwamba hakulalamika.

Bwana aliichukua futi, akaigeuza pande zote mbili. Hatimaye alisema wageni wake wanakuja baada ya wiki mbili. Boti ikiwa tayari, maneno yake ya nyumba yako pale pale. Isipokuwa tayari, ataita mtu wa Nairobi, na mtu huyo atahitaji mahali pa kulala.

Shangazi alifunga kanga yake vizuri. Nilidhani ndiyo safari.

"Nitangoja kwa baba yako mdogo," alisema. "Nimeolewa miaka ishirini na tano na sijamsikia mwanamume akisema kosa ni lake. Nataka kuona mtu wa namna hiyo anaishia wapi."

Jumatatu nilikuwa Ngarenaro na injini ndani ya gunia. Fundi alisikiliza kisa chote bila kucheka mpaka nilipofika kwenye sikio.

"Wallahi, nilikwambia watu wawe juu ya boti," alisema akijifuta machozi. "Sikukwambia wawe juu ya mgongo wako! Haya, namba zako?"

"Wote nyuma, kumi na mbili. Tupu, kumi na sita. Wote mbele, kumi na saba."

"Na boti yako watu watakaa wapi?"

"Mbele. Wageni hukaa mbele."

"Basi hiyo kumi na saba ndiyo namba yako, nyingine tupa. Mguu hauchaguliwi kwa siku boti imekaa kama unavyopenda. Huchaguliwa kwa siku mkia umepanda kuliko siku zote. Wa kumi na tano umeacha pangaboi nje linapiga soga na upepo. Kwa wa ishirini pangaboi litazama inchi tatu, nalo halitaki zaidi."

Nikamwuliza kama duka litakubali kuipokea tena. Akasema injini ikishaoga hairudi sandukuni, lakini hakuna haja, kwa maana mguu ule unaongezeka: kuna kipande cha inchi tano, na chuma chake kirefu zaidi cha ndani cha kuzungushia pangaboi, unafungua katikati, unaunga, unafunga. Kipande hicho kilikuwa Nairobi. Kilikuja kwa basi baada ya siku tisa. Siku zile nilikwenda kazini, nikala, nikalala, na nadhani sikuyafanya vizuri yote matatu. Baba mdogo aliniambia shangazi amekwisha kupanga upya jiko lake lote na sasa anaangalia paa.

Tuliufunga mguu mimi na fundi, kutwa nzima, yeye akinifanya nifungue na kufunga mara mbili ili mkono ujue. Nilirudi Momela na lori nimeikumbatia injini kama mgonjwa.

Zilikuwa zimebaki siku mbili wageni wafike. Safari hii niliwapanga watu mwenyewe, na niliwapanga kwa ubaya: shangazi mbele kabisa, mnyapara ubavuni kwake, Bwana, mpishi, seremala, na nikamwomba mwinjilisti wetu aongeze uzito. Alikubali baada ya kuuliza kina cha maji. Nyuma sikumruhusu hata mmoja. Kama ingelia, ningejua mbele ya watu wote.

Nikavuta kamba. Nikatia gia. Injini ilitoa sauti nene, ya chini, kama mtu aliyeshiba anayekoroma, na ufukwe ukaanza kwenda zake. Hakukuwa na povu. Mwinjilisti alifumbua macho. Tulizunguka ziwa lote, tukiwaachia viboko nafasi yao, na njia nzima shangazi alinipigia kelele bila kugeuka: "Polepole! Polepole wewe! Umebeba watu!"

Bwana alinipa ufunguo pale pale ufukweni, akaenda kunywa chai. Shangazi aliuchukua mkononi mwangu kabla sijaushika vizuri, akafungua mlango mwenyewe, akaingia. Tulimsikia akigonga kuta. Alifungua dirisha, akalifunga. Aliuliza wasichana watalala chumba gani, jiko litakaa wapi, na kiboko akija mlangoni nitafanya nini. Nikamwambia nitangoja aondoke.

"Hilo ni jibu," alisema. "Ukoo nitauambia nimewaona wamekaa kwa kaka yao."

Aliondoka kesho yake na lori la mboga, peke yake. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, nikarudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa. Niliwakuta wasichana hawasemezani kwa kugombea nani alale karibu na dirisha, na mdogo wangu wa mwisho amekaa kizingitini ameshika shavu.

"Kaka," aliniambia, "kwa nini na sisi hatukwenda Kikatiti? Kule kuna mandazi."

Nikamwambia akalete kuni.